Kukimbia mlimani Uluguru ukiwa na watoto wadogo: tafuta mwenzako kabla ya kutafuta muda

Dada uliyeuliza, umesema una watoto wawili na mdogo bado ananyonya, kazini unatoka jioni, umehamia Morogoro bila ndugu wala rafiki, na kila ukiitazama milima ya Uluguru unatamani kuikimbilia ila hujui muda utautoa wapi. Wengi wamekushauri uamke mapema zaidi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeajiriwa kama wewe, na nimekimbia kwenye njia za mlima huo kwa miaka kadhaa. Ushauri wangu ni kwamba umtafute mwenzako kwanza. Mama mwenye watoto wadogo hana muda wa ziada uliofichwa mahali. Muda huo hupatikana pale mtu mwingine anapokushikia watoto wako, nawe ukamshikia wake.

Sisi tulianza wanawake wanne wa mtaa mmoja, ambao kabla ya hapo tulikuwa tukisalimiana tu asubuhi tunapopeleka watoto shule ya awali. Tulikubaliana kwamba kila Jumamosi mmoja wetu abaki na watoto wote nyumbani kwake, awapikie uji na kuwaangalia, na wengine wapande mlimani. Jumamosi inayofuata zamu inahamia kwa mwingine, sawasawa na upatu, isipokuwa kwetu kinachozunguka ni asubuhi badala ya fedha. Mpango huo umestahimili mengi ambayo nia ya mtu mmoja isingeyastahimili: dada wa kazi kuondoka ghafla, mume kuwa safarini, wiki za kufunga hesabu ofisini. Ukishajua kwamba mwenzako ameamka kuwapokea watoto wako, uvivu wa kubaki kitandani unakosa pa kukaa. Nao watoto wetu sasa wanaishi kama ndugu, wanagombana na kupatana kama ndugu, na hilo hatukulipanga.

Kwa nini mlimani, wakati barabara za mjini zipo na ni tambarare? Kwa maoni yangu ni kwa sababu barabarani mwenye kasi humwacha mwenzake, lakini mwinuko mkali huwalazimisha wote kutembea. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Bondwa kinachoonekana juu yake kina takriban mita 2,150, kwa hiyo njia ya kuelekea Morningside, kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani, haikupi nafasi ya kujionyesha. Unakimbia panapokimbilika, na panapoinuka sana unafupisha hatua, unaweka viganja juu ya mapaja na kupanda taratibu. Huko ndiko mazungumzo yanakoanzia. Mwenzetu mmoja, ambaye kwa mwaka mzima tulidhani ni mtu wa maneno machache, alitusimulia habari ya mimba yake iliyoharibika tukiwa kwenye kona moja yenye mawe, macho yake yakiwa chini akitafuta pa kukanyaga, na sisi wengine nyuma yake tukisikiliza bila kumtazama usoni. Nina hakika asingeyasema yale sebuleni, mbele ya vikombe vya chai. Tulipofika kwenye migomba tulikaa kitako na kumwacha alie, na tangu siku hiyo urafiki wetu ulikuwa mwingine kabisa.

Kuhusu kushuka, walimu wetu walikuwa wanawake wa Kiluguru wanaoteremsha ndizi, karoti na kabichi kwenda sokoni. Asubuhi ile ile unayopanda wewe, wao wanashuka na tenga kichwani, wamevaa kandambili, kwa mwendo ambao wengi wetu wenye viatu vya michezo hatuuwezi. Bibi mmoja alisimama akanionyesha: magoti yasikazwe, hatua ziwe fupi na za haraka, mwili usiegemee nyuma kwa woga, na macho yatangulie hatua kadhaa mbele ya mguu. Siku za mwanzo mapaja yatakuuma zaidi kwa sababu ya kushuka kuliko kupanda, kwa kuwa msuli unafanya kazi ya kufunga breki huku ukivutwa. Maumivu hayo hupungua kadiri unavyorudia. Bibi huyo sasa ni rafiki yetu. Tunapumzika uani kwake, tunanunua ndizi zake, na ndiye aliyetueleza kwamba shamba lile alilirithi upande wa mama, kama ilivyo desturi ya Waluguru kufuata ukoo wa kikeni.

Njia hizo hupita katikati ya nyumba za watu, kwa hiyo salamu hazikwepeki, na wala sioni sababu ya kuzikwepa. Mimi hufunga kanga kiunoni juu ya suruali ya mazoezi, na mwenzetu anayevaa hijabu hukimbia na suruali pana na shati refu bila shida yoyote. Tunaoga na kubadilisha tukisharudi. Viatu vyangu nilivinunua kwenye mitumba. Angalia soli yenye meno makubwa, kwa maana udongo wa huku ukilowa wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, unateleza vibaya. Mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, siku hiyo tunabaki bondeni.

Juu ya mwili wako, naomba usiharakishe. Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza unashauri mama asirudi kukimbia kabla ya miezi 3 tangu kujifungua, na asirudi kabisa bila kuchunguzwa iwapo mkojo unamtoka au anahisi uzito chini ya kinena. Kunyonyesha peke yake hakukuzuii. Mwezi Januari mwaka huo huo mkimbiaji Jasmin Paris alishinda mbio za Spine Race nchini Uingereza, zenye urefu wa kilomita 430 hivi, akiwatangulia wanaume wote, na njiani alikuwa akisimama kukamua maziwa kwa ajili ya mtoto wake. Simtaji ili ujipime naye. Namtaja kwa kuwa utaambiwa mara nyingi kwamba mama anayenyonyesha hapaswi kukimbia. Nyonyesha kabla ya kutoka, vaa sidiria inayobana vizuri, na unywe maji ya kutosha. Ya mtoni yaache, hata yakionekana safi.

Usipande peke yako, na umwachie mtu nyumbani jina la njia na saa ya kurudi. Ukitaka kupita Morningside na kuingia msituni, kumbuka ni hifadhi ya mazingira asilia inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), hivyo kibali huchukuliwa kabla.

Nasi tuna nafasi. Huanza saa kumi na mbili na robo, mwanga ukishatosha na wenye kuswali alfajiri wakiwa wameshamaliza. Niandikie pembeni nikuelekeze tunapokutania, na Jumamosi ya kwanza uje na watoto wote wawili ili wamzoee mama mwenye zamu. Mdogo mletee na blanketi lake.