Mwanangu, sikukuita mvivu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Umeniuliza: "Baba, kila nikikwambia moyo wangu hauna raha unaniambia nikatembee. Hivi unaamini naumwa, au unaona najidekeza?" Nilitaka nikupigie simu papo hapo, nikajizuia. Mambo haya nikiyasema kwa mdomo huishia kuwa amri.

Naamini unaumwa. Na bado nasema katembee. Kosa langu ni kwamba nilikupa agizo bila maelezo, tena kwa sauti ile ile niliyokuwa nikikuamshia asubuhi za shule.

Mwaka ule niliostaafu, mama yenu aliwaambia nimechoka tu. Haukuwa uchovu. Nilikuwa nashtuka saa tisa usiku, nakodolea macho dari hadi kunakucha, na mchana sioni hata sababu ya kunyoa ndevu. Daktari alinipa dawa, akanielekeza kwa mshauri nasaha, kisha akaniuliza swali nililoliona la kipuuzi: kwa siku natembea dakika ngapi? Nikapiga hesabu. Kitandani hadi bafuni, bafuni hadi kwenye kiti. Nikamchukia. Nilisikia kile kile ulichokisikia wewe kwangu: kumbe ni uvivu.

Baadaye ndipo nilipoanza kusoma. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 156 wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, wote wa miaka 50 na kuendelea, rika langu kabisa. Kundi moja lilipewa dawa, jingine mazoezi, la tatu vyote viwili. Baada ya wiki 16, nafuu ya makundi yote matatu ilikaribiana. Lakini waliomeza dawa ndio waliotangulia kuiona nafuu hiyo, na hili nakutajia makusudi, usije ukatupa vidonge vyako kwa sababu baba yako kasoma utafiti. Mimi nilitembea huku nameza, na siku ya kuacha dawa ilipofika aliyeamua ni daktari.

Mazoezi yanasaidiaje? Utawasikia watu wakitaja endofini, homoni za raha. Zipo, ila zile zinazozunguka kwenye damu huvuka kwa shida ule ukuta unaoukinga ubongo, kwa hiyo hadithi haiishii hapo. Ukijitahidi hadi ukahema, mwili hujitengenezea pia kemikali za jamii moja na zile za bangi (usicheke, na usimwambie mama yako ni mimi niliyekwambia), na hizo hupenya hadi ubongoni kwa urahisi. Halafu kuna protini inayozisaidia chembe za ubongo kukua na kushikana, nayo huongezeka mtu anapofanya mazoezi. Na usingizi. Kwangu usingizi ndio uliorudi kwanza, kabla hata sijaanza kujisikia mtu.

Lakini kwa hali yako wewe, lililonigusa zaidi ni la moyo. Uliniambia ukiwa kikaoni moyo huanza kwenda mbio, viganja vinalowa, pumzi inakatika, nawe unahisi unakufa. Sasa fikiria mtu anayepanda kilima kwa haraka. Moyo mbio, jasho, pumzi juu juu. Dalili ni zile zile, ila huyu hana hofu, maana anajua zimetoka wapi na anajua akisimama zitatulia. Ukilirudia hilo mara nyingi, mwili unajifunza kwamba moyo kudunda si habari ya kifo. Hakuna maneno yangu yatakayokufundisha hivyo. Nimejaribu kukwambia "tulia" tangu ukiwa mdogo, na sijui kama limewahi kukutuliza hata siku moja.

Najua utasema: hamu sina. Sonona huanza kwa kuiba hamu, ndiyo maana ukiingoja ije ndipo uvae viatu utangoja sana. Mimi hamu sikuwa nayo siku hata moja katika zile wiki za mwanzo. Nilikuwa navaa viatu nikiwa nimekasirika, natoka nimekasirika, na mara nyingi narudi nimekasirika kidogo kuliko nilivyotoka. Faida yenyewe ilikuwa hiyo, nyembamba namna hiyo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani mwendo unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Namba hiyo iweke kabatini kwanza. Watafiti waliofuatilia karibu watu 34,000 nchini Norwe kwa takriban miaka 11 walikadiria kwamba saa moja tu kwa wiki, ya mazoezi ya aina yoyote, ingetosha kuzuia sehemu ya sonona mpya. Saa moja kwa wiki haifiki hata dakika tisa kwa siku. Wewe anza na tano. Ya tano ikifika ukataka kurudi, rudi, na usijisimange. Ukipenda kucheza muziki chumbani, cheza. Kuogelea, baiskeli, kunyanyua vyuma, chochote ambacho kesho hutakichukia. Ila usikigeuze adhabu. Nimewaona watu wanaokimbia kama wanaolipa deni, na uso wao hauna nafuu yoyote.

Kuna siku matembezi hayatafua dafu. Ukiona giza limezidi, ukaanza kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo, achana na viatu. Nipigie, hata iwe usiku wa manane, kisha twende kwa mtaalamu pamoja. Hilo siliachii mazoezi.

Na ile siku niliyokwambia "jikakamue kama wenzako", mwaka ule uliposhindwa kutoka chumbani, naikumbuka. Nilikuwa na hofu, nikaivika ukali. Nisamehe, mwanangu.

Mimi hutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kesho nitakupigia nikiwa njiani. Hatulazimiki kuongea, weka simu mfukoni, wewe tembea huko na mimi huku. Nikisikia unahema nitajua umeshatoka mlangoni.

Baba yako