Muulize Daktari: Mkono umerudi, kwanini miguu bado?

SWALI: Shikamoo dokta. Nawasoma kutoka Morogoro. Mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda mwaka jana, neva ya mkono ikakatika pale kwenye kifundo wakaishona, na uti wa mgongo nao ukaumia. Sasa hivi vidole vina hisia, anashika hadi kikombe, ila miguu mpaka leo hamna kitu. Kwani neva si neva tu? Afu kuna mtu anatuuzia vidonge vya "kuotesha neva", laki tatu na nusu dozi moja. Tununue?

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Naanza na la mwisho: hiyo hela msitoe. Hakuna kidonge chochote kilichothibitishwa kuotesha upya neva za uti wa mgongo au za ubongo wa binadamu, na anayewauzia anawaibia watu walioko kwenye shida, inaniuma kila nikisikia.

Sasa swali lako lenyewe, ni zuri kweli. Kila seli ya neva ina uzi mrefu mwembamba unaopeleka taarifa, na uzi wa mkononi ukikatika ile seli inapata habari na kuwasha jeni za kukua, zipo nyingi, mfano GAP-43, SOX11 na ATF3, huku seli za Schwann zikisafisha njia na kuuongoza uzi mpya. Mwendo wake ni kama milimita 1 kwa siku, kwahiyo kutoka kifundo mpaka ncha ya kidole, tuseme sentimita 18, ni miezi 6 hivi. Ndo maana mkono ulichukua muda.

Kwenye ubongo na uti wa mgongo mambo ni mengine. Zamani wataalamu waliona seli za huko kwa mtu mzima haziwezi kukua tena basi. Mwaka 1981 kule Montreal, Samuel David na Albert Aguayo wakachukua kipande cha neva ya mguu wa panya wakakifanya daraja kati ya shina la ubongo na uti wa mgongo, na zile nyuzi zilizosemwa haziwezi zikaingia humo zikakua sentimita 3 hivi! Yaani uwezo ulikuwepo, mazingira ndo yalikuwa yanazuia: lile ganda la mafuta linalofunika nyuzi lina protini kama Nogo inayozizuia, na kovu la jeraha nalo linazuia.

Lakini hata ukizuia hiyo Nogo kwa panya nyuzi zinazoota ni chache, kwasababu seli yenyewe nayo imefunga breki tangu utotoni. Breki mojawapo ni jeni inaitwa PTEN, inapunguza kazi ya mTOR ambayo ndo inasukuma seli itengeneze protini mpya za kukulia. Mwaka 2008 maabara ya Zhigang He huko Boston waliiondoa kwenye seli za jicho la panya kisha wakaiminya neva ya macho, ambayo ki ukweli ni sehemu ya ubongo, na nyuzi zikaota zikavuka jeraha. Mwaka 2011 wakaondoa na SOCS3, jeni nyingine ya breki, pamoja nayo, zikaenda mbali zaidi. KLF4 ni breki nyingine, hiyo ilionekana 2009.

Mbona hatupewi basi? Kwanza hiyo 2008 PTEN iliondolewa kabla ya panya kuumia, na mdogo wako ameshaumia. Pili PTEN hiyohiyo ndo inazuia saratani, watu wanaozaliwa na nakala yake mbovu wana hatari kubwa ya saratani ya matiti na ya tezi ya shingo, kwahiyo huwezi kuizima mwili mzima kwa kidonge. Tatu uzi ukishaota lazima ufike kwenye seli sahihi, ukipotea njia unaweza kuleta maumivu au misuli kukakamaa.

Hiyo laki tatu na nusu wekeni kwenye mazoezi ya viungo na godoro zuri. Akiwa kitandani mgeuzeni kila masaa 2, na mpira wa mkojo uwe msafi, maana vidonda vya mgongo na maambukizi ya mkojo ndivyo vinaua watu wa hali yake.

SWALI: Daktari, niko Mombasa. Nyanya yangu alipata kiharusi, akanyamaza kabisa, sasa anaongea. Kama neva za ubongo hazioti, amerudije?

JIBU: Sehemu iliyokufa haikurudi. Pembeni ya jeraha seli zilizobaki hai huwasha tena baadhi ya jeni za kukua, GAP-43 ikiwemo, zikatoa matawi mafupi na kuungana upya, na sehemu nyingine za ubongo zikabeba kazi. Umbali ni mdogo, ndo maana inawezekana pale na kwenye uti wa mgongo uliokatika ikashindikana. Nafasi kubwa ya hayo ni miezi ya mwanzo, kwahiyo muongeleshe nyanya kila siku, mwache amalizie sentensi mwenyewe hata akichelewa, na dawa ya presha asiruke hata siku moja.