Bustani juu ya mawe: barua kwa mwanangu aliye Goma

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza mambo matatu: kama mboga zinaweza kuota kwenye kiwanja chako ambacho ni mawe matupu, utapikaje upesi ukitoka kazini umechoka, na kama lile bonde dogo nyuma ya nyumba linafaa kuwekwa kiti cha kupumzikia na kusoma, kwa sababu upepo haufiki. La kiti nitalijibu karibu na mwisho, lakini kwa sasa usikae mle.

Nyumba uliyopanga iko pale ambapo lava ya mlima wa volkano wa Nyiragongo ilipita tarehe 17 Januari 2002, ikakata mji hadi ziwani. Jiwe hilo lina chakula kingi cha mimea ndani yake, hasa potasi, ila bado halijageuka udongo. Linahitaji miaka mingi kuliko utakayokaa hapo. Kwa hiyo weka sururu chini. Huku Bukavu tunahangaika na udongo mwekundu mzito unaoshika maji na kuteremka na mvua. Kwako maji yanapita kwenye nyufa za mawe na kupotea. Kazi yako yote ni kuuweka udongo juu ya jiwe na kuyazuia maji yasikimbie, na kwa hilo sijaona kinachoshinda gunia.

Tafuta gunia la plastiki la kilo 100, lile lililosukwa. Lililowahi kubeba mbolea ya dukani au simenti liache. Chagua mahali panapopata jua la asubuhi, sentimeta 60 kutoka ukutani ili upite nyuma yake. Mawe ya lava yana makali yanayotoboa gunia, basi sawazisha kwanza kwa changarawe, halafu tandika majani makavu ya migomba. Majani hayo pia yanazuia joto, maana jiwe jeusi likipigwa na jua la saa sita linachoma mizizi ya chini. Gunia lisimamishe hapo hapo kabla ya kulijaza. Likishajaa na kulowa, watu wawili hawalisogezi.

Udongo mweusi agiza kwa mtu wa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, anayeshuka kutoka upande wa Kibumba. Kabla ya kulipa, lowesha kidogo na ufinyange mkononi. Ukishikana, kisha ukavunjika kwa kidole, ni mzuri. Ukimwagika kama majivu hauna uzito wa kushika maji. Kwa gunia moja changanya ndoo 4 za udongo, 2 za samadi iliyooza na 1 ya changarawe laini ya volkano, kwa ndoo ya lita 10. Samadi ya mbuzi au sungura ndiyo bora. Ya kuku ikiwa mbichi inaunguza mizizi, majani yanakauka kuanzia kwenye ncha na watu wanadhani ni ugonjwa. Ilundike, iloweshe, ifunike miezi miwili hadi mitatu; ikiacha kutoa joto na harufu kali, iko tayari. Majivu ya makala (makaa) yasizidi konzi moja kwa gunia.

Sasa nguzo ya mawe, ambayo wengi wanaiharibu. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, lile la kilo 2.5, ulitoboe chini liwe wazi pande zote mbili. Lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze mawe ya lava mepesi yenye matundu, ukubwa wa yai la kuku. Mwaga udongo kulizunguka hadi karibu na ukingo wa kopo, gandamiza kidogo kwa mkono, halafu livute juu polepole ukilizungusha. Mawe yanabaki, udongo unayashikilia. Rudia mpaka gunia lifike kama sentimeta 75, kisha kunja mdomo wake kwa nje. Ukipita hapo litainama upande mmoja na mvua ya kwanza italiangusha.

Kazi ya nguzo ni kuyashusha maji mpaka chini bila kuyatoa nje. Mawe yakiwa makubwa mno, maji yanatiririka moja kwa moja na kutokea kwenye kitako. Yakiwa madogo kama mchanga, yanaziba, na miche ya chini inakufa kwa kiu wakati ya juu imependeza. Ukiona dalili ya kwanza, mwaga udongo kidogo juu ya nguzo uingie kati ya mawe. Ya pili haina dawa ila kulivunja gunia na kulijenga upya.

Kabla ya kupanda chochote, mwagilia gunia siku mbili, udongo ushuke, uongeze pale uliposhuka. Ndipo utoboe ubavuni: matundu ya sentimeta 4, safu ya kwanza sentimeta 20 kutoka chini, kutoka tundu hadi tundu sentimeta 20, safu tatu, na kila safu ianze katikati ya matundu ya safu iliyo chini yake ili mizizi isigombanie. Utapata kama matundu 18. Humo panda miche ya shu la majani (kabichi ya majani), seleri na kitunguu cha majani, ikiwa na majani manne au matano; kwa shu ni kama wiki nne, mingine hukawia zaidi. Mizizi ielekezwe ndani ikiteremka kidogo, na shina lisibanwe na ukingo wa gunia. Upande unaotazama ukuta utakuwa dhaifu. Weka seleri huko, inavumilia kivuli.

Juu ya gunia panda lengalenga, yaani mchicha. Mbegu zake ni ndogo sana. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na vijiko kumi vya mchanga mkavu, nyunyiza kidogo tu kati ya huo, funika kwa udongo usiozidi nusu sentimeta. Ukizifukia zaidi hazitoki. Zikifika urefu wa kidole ng'oa zilizosongamana, nazo ni mboga. Baadaye kata shina sentimeta 10 hadi 15 kutoka chini ukiacha majani mawili au matatu, litachipua tena. Likianza kutoa maua majani yanakuwa magumu; hapo ng'oa na kupanda upya. Nyanya ipe ndoo yake ya lita 20 yenye matundu chini. Karoti na muhogo wa sombe (kisamvu) usijaribu kwenye gunia: muhogo utakula udongo wote, na karoti ikikutana na mawe inapasuka matawi.

Wakati wa kiangazi, mwezi wa sita hadi wa nane, gunia linataka kama lita 5 kwa siku, nusu kwenye nguzo na nusu juu, asubuhi mapema au jioni. Najua bidoni (dumu) ya maji ni pesa. Maji uliyooshea mboga na mchele yanafaa, ya sabuni hapana. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvichumvi. Ukiyatumia muda mrefu utaona utando mweupe juu ya udongo, na dawa yake ni kuliosha gunia kwa maji mengi ya mvua. Ya mvua kinga kwenye bati. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo bati la mita 30 za mraba likipata mvua ya milimita 10 linakupa karibu lita 300. Maji ya dakika za kwanza yaache yaende, yanabeba vumbi na majivu. Moshi wa volkano ukielemea upande wenu, mvua inaweza kuwa na asidi na kuacha madoa makavu kwenye majani. Yasuuze kwa maji safi mara tu mvua inapokatika.

Wadudu wadogo wa kijani au weusi wanaojikusanya chini ya majani ya shu, wapulizie jioni kijiko kimoja cha sabuni ya maji ndani ya lita moja ya maji. Ukipuliza jua likiwa kali, majani yataungua. Suuza kabla ya kupika.

Sasa chakula cha jioni, cha watu wawili. Chambua lengalenga konzi nne kubwa, osha mara tatu, ukiyatoa majani kwenye maji na si kuyamwaga pamoja na maji, la sivyo mchanga unarudi. Sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, konzi moja zisuuze kwa maji ya vuguvugu na uzikaushe. Pasha vijiko vitatu vya mawese, yasifikie kutoa moshi, kaanga sambaza dakika tatu, uzitoe. Kwenye mafuta hayo weka kitunguu kimoja, kikilainika nyanya mbili, zikipondeka tia majani. Usifunike sufuria, rangi itabaki. Dakika tano zinatosha. Vijiko viwili vya karanga za kusaga vikoroge kwanza kwenye maji ya vuguvugu, maana zikiingia kavu zinafanya madonge. Mimina, rudisha sambaza, punguza makala kwenye babula (jiko la makaa), koroga dakika tano. Chumvi mwisho, kwa sababu sambaza zina yao. Bugali uwe umeshasonga.

Na kile kiti. Bonde ni mahali ambapo mazuku hukaa. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, inayoweza kuua, nzito kuliko hewa, haina rangi, inatuama mashimoni hasa usiku na asubuhi kabla ya upepo. Watu wanaijua zaidi magharibi mwa mji, kuelekea Bulengo na Sake, lakini kwenye ardhi ile mimi sikubali mtu wangu aketi shimoni na kitabu hadi asinzie. Ukikuta humo mijusi au wadudu wamekufa, au majani yamekauka bila sababu, waambie majirani na uwazuie watoto. Usiingie kupima.

Kiti kijenge juu, kati ya magunia mawili: mawe bapa ya lava kimo cha sentimeta 45, ubao wa sentimeta 40 kwa upana, mto wa kitenge ulioshonewa zipu ili ufuliwe, kwa vile vumbi jeusi haliishi. Ukielekeze mashariki mgongo ukiwa ukutani, na jua la alasiri litakuwa nyuma ya nyumba unaposoma.

Mbegu za lengalenga, shu na seleri nitazituma kwa boti. Ziweke kwenye chupa iliyokauka kabisa, mbali na babula. Shu zisie kwenye beseni katikati ya mwezi wa nane, na seleri mwezi mmoja kabla kwa kuwa hukawia, zikutane na mvua za mwezi wa tisa zikiwa tayari kuhamishwa.

Mama yako