Jirani wa Mvuke: Maswali Yenu Kuhusu Olkaria

Barua za wiki hii nyingi zimetoka Naivasha, Kenya, kwa watu wanaoishi karibu na mitambo ya jotoardhi ya Olkaria, inayozalisha umeme kwa mvuke wa chini ya ardhi. Moja imevuka mpaka kutoka Tukuyu, Tanzania. Nimezifupisha.

*Nguzo kubwa za umeme zimepita nyuma ya boma letu tangu nikiwa msichana. Mbona bado nawasha koroboi?* (Mama, Narasha)

Mama, swali lako linaniuma, maana mtambo wa kwanza wa Olkaria uliwashwa mwaka 1981. Nyaya unazoziona hubeba kilovolti 220. Umeme wenye nguvu hiyo hauingii nyumbani mpaka ufike kituo cha kuupoza, kisha urudi kwenu kwa laini ndogo na transfoma. Isitoshe, KenGen, kampuni yenye mitambo hiyo, huzalisha na kuuza kwa jumla. Anayekuletea nyumbani ni Kenya Power. Kwa hiyo ukaribu wako na mtambo haukupi haki yoyote kwenye foleni. Mpango wa serikali wa kusambaza umeme vijijini ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, kwa hiyo pigania transfoma kwanza. Andikeni ombi moja la majirani wote, mwakilishi wa wadi apate nakala. Barua ya boma moja hupotea kirahisi.

*Nina cheti cha uchomeleaji. Wakati wa ujenzi nilifanya kibarua miezi kadhaa, sasa naambiwa hakuna kazi. Tumefanyiwa ubaguzi?* (Kijana, Kongoni)

Ubaguzi unaweza kuwepo, na kama unao ushahidi uupeleke. Lakini hata pasipo ubaguzi, ndivyo kazi hii ilivyo. Ujenzi humeza watu: wa kuchimba msingi, kubeba, kuunga mabomba. Mtambo ukishawaka, huendeshwa kwa zamu na mafundi wachache. Cheti chako bado kina thamani, kwa sababu mabomba ya mvuke huliwa na kutu na visima vipya huendelea kuchimbwa, vingine hadi kilomita tatu kwenda chini. Uliza makontrakta wa matengenezo, usingoje tangazo la kampuni kubwa.

Mimi matumaini yangu yako kwenye joto lenyewe. Shamba la maua la Oserian lilitumia kisima cha mvuke kupasha joto nyumba za waridi na kuyapa maua hewa ya ukaa. Maua huajiri watu wengi sana Naivasha kuliko chumba cha kuongozea mtambo. Kiwanda cha kukaushia mboga au cha maziwa kinachotumia joto hilo hilo kingewafaa vijana wa Kongoni kuliko megawati nyingine 100 zinazokwenda Nairobi.

*Ile harufu ya mayai viza ni sumu?* (Msomaji, Maiella)

Ni gesi ya salfidi ya hidrojeni. Ikiwa kidogo hukera pua. Ikiwa nyingi huua, na ni nzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya mabondeni. Watoto wa kuchunga wasipumzike kwenye mashimo karibu na visima, wala mifugo isinyweshwe maji ya mabwawa ya mtambo.

*Nasikia jamii ina asilimia 5. Ya nini hasa?* (Mzee, Suswa)

Mzee wangu, wengi hudhani ni asilimia 5 ya mauzo. Sivyo. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inataka mzalishaji alipe mrabaha wa kati ya asilimia 1 na 2.5 ya thamani ya nishati ya jotoardhi kwa miaka 10 ya kwanza, kisha kati ya 2 na 5. Mrabaha huo ndio unaogawanywa: serikali kuu 75, kaunti 20, jamii 5. Tuseme thamani ni shilingi bilioni moja na mrabaha ni asilimia 1. Zinapatikana milioni 10, na fungu la jamii ni laki tano. Kwangu mimi ni kidogo mno kwa watu waliopoteza malisho. Lakini hata hizo laki tano zinahitaji mfuko wenye wadhamini. Undeni mfuko, wadhamini wajulikane, akina mama wawemo, na hesabu zisomwe barazani.

*Shikamoo. Huku kwetu TGDC, kampuni ya kuendeleza jotoardhi Tanzania, inatafiti jotoardhi Ngozi na Kiejo-Mbaka. Tujifunze nini kwa wenzetu?* (Mwalimu, Tukuyu)

Marahaba, mwalimu. Mfuate habari za RAPland, makazi mapya ya waliohamishwa Olkaria. Mwaka 2014, ili kupisha mtambo wa Olkaria IV, vijiji vinne vya Wamaasai vilihamishiwa huko. Walijengewa nyumba za mawe, shule na zahanati, na ukitazama picha utasema wamebahatika. Mwaka huo huo waliandika malalamiko kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, waliokopesha fedha za mradi: ardhi ina makorongo, barabara ni mbaya, hati miliki haijatolewa, wengine hawakuhesabiwa. Akina mama waliouzia watalii shanga walijikuta mbali na wateja wao. Uchunguzi wa Benki ya Dunia ulikuta kwamba Kimaa hakikutumika vya kutosha kwenye mashauriano, na wazee wa mila waliwekwa pembeni. Upatanishi ulifanyika, makubaliano yakafikiwa mwaka 2016, wakati watu walikuwa wameshahama.

Basi kwenu, mikutano iendeshwe kwa Kinyakyusa pia, na muhtasari usomwe kwa sauti kabla ya sahihi. Watu wahesabiwe pamoja na wapangaji na wajane. Na mkionyeshwa ardhi ya kuhamia, msiende kuikagua Septemba. Nendeni Aprili, mvua ikinyesha, na mpite barabara ile ile ambayo mjamzito atapelekwa hospitali.