Jibu: Programu ya akiba inatoa asilimia 5 kila mara

Ndugu, umeuliza kwa nini programu yako ya Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) inakushauri kuweka akiba ya asilimia 5 tu, hata unapoingiza shilingi 900,000 za mauzo ya ndizi hapo Moshi. Umeanza na sharti la if ("kama"), yaani if kipato >= 200000 (kipato kikiwa 200,000 au zaidi), na kwa kuwa 900,000 inatimiza sharti hilo, kompyuta inatekeleza agizo lake la asilimia 5 na kuyaruka matawi yote ya elif ("la sivyo, kama") yaliyo chini, likiwemo lile la 800000 lenye asilimia 20. Anza na kiwango kikubwa, kisha ushuke. Nimefurahi kuona umegeuza maandishi ya input (agizo linalopokea anachoandika mtumiaji) kuwa namba kwa int, maana wanafunzi wengi hukwama hapo. Ukishapanga upya, jaribu 199999, 200000 na 800000, kwa sababu kosa la kuandika > badala ya >= hujificha mpakani.