Snapshoti si nakala rudufu

SWALI: Habari, mhandisi. Programu ya mikopo ya Sacco yetu, Kisumu, iko kwenye mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu) ya gigabaiti 400 ndani ya seva moja ya Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe; hifadhidata ni PostgreSQL. Kila usiku tunapiga snapshoti, yaani picha ya hali ya mashine kwa wakati huo. Tuna tawi Kakamega na laini ya megabiti 20 kwa sekunde. Seva ikiungua, tutarudi kazini baada ya muda gani?

JIBU: Kwa mpangilio huo, hamrudi. Snapshoti hukaa kwenye diski ile ile ya mashine. Radi ikiichoma, vyote vimekwenda. Kazi yake ni kukurudisha nyuma sasisho likiharibika, basi.

Laini nayo haitawaokoa. Gigabaiti 400 kwa megabiti 20 ni zaidi ya saa 44, tena kama hakuna mwingine anayeitumia. Matatu ya Kakamega iliyobeba diski inaishinda kwa mbali. Kila wiki chukua nakala nzima kwa vzdump, zana ya Proxmox ya nakala rudufu, kwenye diski ya nje iliyofungwa kwa LUKS (usimbaji unaohitaji nywila), uipeleke tawini. Kila usiku tuma pg_dump (nakala ya hifadhidata tu) peke yake kupitia laini. Washa kwanza qemu-guest-agent, programu ndogo ndani ya mashine pepe inayotuliza diski wakati wa kunakili, la sivyo nakala itakuwa kama ya mashine iliyochomolewa umeme: PostgreSQL huamka, programu nyingine huenda zikagoma.

Lakini mtarejesha kwenye nini? Hapa ndipo wengi hukwama. Wekeni Kakamega kompyuta ya akiba yenye Proxmox, RAM ya kutosha na diski ya terabaiti 1. Diski ya nje ikisoma megabaiti 100 kwa sekunde, mashine imesimama baada ya saa moja na ushei. Kisha pakia pg_dump ya jana usiku. Miamala ya leo imepotea. Bodi ikikataa hasara hiyo, itabidi mtumie pg_basebackup (nakala ya msingi ya PostgreSQL nzima) na kutuma WAL, yaani kumbukumbu ya kila badiliko la hifadhidata, kila dakika 5.

Fanyeni jaribio la kurejesha kila robo mwaka, mkishika saa mkononi; hapa faili ni nakala ya vzdump, 901 ni namba ya mashine mpya ya majaribio:

qmrestore faili 901 --unique 1

Kata mtandao wa 901 kabla ya kuiwasha. Mashine hiyo haijui kuwa ni nakala: itagombania anwani ya mtandao (IP) na ile halisi, na wanachama watapokea SMS za kudaiwa mara mbili. Ingia kwa konsoli, tafuta muamala wa mwisho, linganisha na daftari.

Nywila ya LUKS iandikwe kwenye karatasi ndani ya sefu ya tawi. Ikiwa iko kwenye seva ya Kisumu peke yake, diski ya Kakamega haifunguki.