Mkuu wa Berlin hakudharau

Mdogo wangu, umeuliza kama mkuu wako wa kazi aliye Berlin anakudharau kwa kukuandikia "hii si sahihi, andika upya" bila hata salamu. La. Sisi Lamu hatuingii kwenye neno kabla ya kuulizana hali za nyumbani. Wajerumani wengi huikosoa kazi waziwazi, na mwenye kazi hawamgusi. Mjibu kuhusu msimbo (code) wa programu yako tu.

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo "sawa" yako kwa kila tarehe. Kwetu ni adabu, kwake ni ahadi. Ukiona programu haitakamilika, mwambie siku hiyo hiyo, usingoje kikao. Na ujumbe wa usiku uache hadi asubuhi: huko kwao sheria humpa mfanyakazi mapumziko ya muda wa saa 11 baada ya kazi.